Gongo la Mkono wa Kushoto

Baba yangu ni fundi wa kuchonga. Anachonga mipini ya majembe na mashoka, michi, vinu na miko, na zamani alipokuwa kijana kwao Newala alichonga vinyago pia. Mtu akija kuagiza mpini, baba haanzi na kipimo cha urefu. Anamwambia, "Lete n'kono." Mteja anatoa mkono, baba anaupokea kwa mikono yake miwili, anabonyeza kiganja, anakunja vidole kimoja kimoja, anaangalia sugu zimekaa wapi. Akimaliza ndipo anainuka kwenda kutafuta mti. Lisekese nzima, hapa kwetu Masasi, imewahi kushikwa mkono na baba, wazee kwa vijana, mpaka mwenyekiti wa kitongoji. Mimi hakuwahi kunishika.

Sisemi kwamba hakunipenda. Nasema tu kwamba nyumbani kwetu tulilimia mipini iliyokataliwa. Mteja akirudisha mpini kwa sababu umepinda, au unampwaya, mama aliuchukua na kesho yake tukaenda nao shamba. Mwiko wetu wa ugali ulikuwa na ufa tangu siku uliyotoka kwenye tezo. Nyumba za mafundi ndivyo zilivyo, nenda kwa fundi cherehani ukaangalie watoto wake wanavaa nini. Nilishazoea, na ningeendelea kuzoea, kama asingekuja yule binti kutoka kijiji cha Mnyambe, huko huko Newala.

Mpira wa magongo uliletwa shuleni kwetu na mwalimu mmoja wa kike aliyepangiwa Masasi akitokea chuoni. Alishuka kwenye basi na begi refu lenye magongo machache yaliyochakaa na mpira mweupe, mgumu, unaokuachia donge kwenye ugoko. Mtaani jina lenyewe lilikuwa kichekesho, maana kwetu ukisema gongo watu wanafikiria kile kinachokaa kwenye chupa. Jirani mmoja alimuuliza mama kwa sauti ya chini kama ni kweli siku hizi watoto wanafundishwa gongo shule.

Mchezo wenyewe si mgumu kuuelewa. Gongo lina kichwa kilichopinda. Upande mmoja wa kichwa ni bapa, Mwalimu aliuita uso, na upande wa pili ni wa mviringo, aliuita mgongo. Mpira unapigwa kwa uso tu. Ukiupiga kwa mgongo unasikia filimbi, na wenzako wanakuzomea. Uwanja tuliuchora kwa majivu, kipa wetu alijifunga vipande vya godoro miguuni, tukaanza kukimbizana kwenye ule mchanga mwekundu jioni mbuzi wakituangalia.

Nami nilikuwa hodari. Sijidai, waliokuwepo wapo na wanaweza kuulizwa. Jioni ya kwanza tu nilishika gongo na mpira ukanitii. Mwalimu alinipa gongo lenye utepe wa bluu kwenye mpini, ambalo ndilo lilikuwa zima kuliko yote, akaniweka kiungo, katikati ya uwanja, mahali ambapo kila mpira sharti upite kwako kwanza. Jioni alituonyesha video kwenye simu yake, wasichana wa nchi za mbali wakicheza kwenye nyasi za plastiki, na mimi nikirudi nyumbani nilikuwa najiona kwenye zile nyasi kabisa.

Magongo hayakututosha, kwa hiyo Mwalimu alikuja nyumbani kumwomba baba ayaige. Baba aliligeuzageuza lile la mfano, akaligonga kwenye goti, akalichungulia kwa jicho moja, halafu akayachonga yale ya shule yote kwa kipimo kimoja, kwa mti ule ule anaochongea mipini ya majembe. Mimi ndiye niliyeyabeba kichwani kuyapeleka. Njiani nilikuwa nimeshachagua langu, lenye mstari mweusi mbavuni. Mwalimu akaniambia, "Wewe unalo la dukani, lingine la nini?" Wenzangu wakaligawana lile la mstari mweusi pamoja na mengine. Nikacheka na mimi, maana ningefanya nini.

Mwaka ule tukaambiwa kuna timu itakuja kutoka Mtwara kucheza nasi, na pamoja nao atakuja mama mmoja ambaye atachezesha mechi na pia atachagua msichana mmoja wa kwetu ajiunge na timu ya mkoa. Mmoja tu. Hakuna aliyeuliza ni nani. Wenzangu walianza kuniaga kwa utani, wananiambia nikifika Mtwara niwaletee pweza. Mimi nilikuwa na jambo langu moja tu moyoni. Baba hakuwahi kuja uwanjani. Nikimwambia aje, alisema, "Nije nione watoto wanafukuzana na kijiwe?" Nilitaka nichaguliwe mbele ya watu, habari zimfikie pale kwenye karakana yake, aache tezo chini na aseme, huyo ni wangu.

Binti wa Mnyambe alikuja kukaa kwa mama yake mdogo, nyumba ya pili kutoka kwetu, kwa sababu yule mama alikuwa amejifungua na alihitaji mtu. Wakamhamishia shuleni kwetu, kidato kimoja nyuma yangu. Alikuwa mwembamba, mikono mirefu, mpole wa kuudhi. Akikuamkia anapiga magoti mpaka chini hata kama njia ina matope. Na alikuwa mtu wa mashoto. Kula alikula kwa kulia, kupokea kitu alipokea kwa kulia, hayo alifunzwa na wazazi wake tangu mdogo na nadhani kwa viboko. Lakini kulima, kukata kuni, kufagia, kuandika, vyote kushoto.

Jioni ya kwanza alikuja uwanjani kumfuata binamu yake, akapewa gongo ili asikae bure. Alilishika kinyume. Sisi tunaweka mkono wa kushoto juu na wa kulia chini. Yeye aliweka wa kulia juu, wa kushoto chini, na alipopiga, mpira ukagongwa na mgongo wa gongo. Filimbi. Akapiga tena, filimbi. Watu wakacheka na mimi nikacheka. Kisha nikaona Mwalimu ameacha kupuliza na amesimama tu, filimbi inaning'inia mdomoni.

Niliona alichokiona. Nadhani tulikuwa wawili tu uwanja mzima tuliokiona, na afadhali ningekuwa kipofu. Yule binti, kabla mpira haujamfikia, alikuwa ameshaangalia mahali utakapokwenda. Hakuwa anautazama mpira, alikuwa anawatazama watu. Mimi jambo hilo lilinichukua mwaka mzima kulijifunza, na nilijifunza kwa kufokewa. Yeye alishuka nalo kutoka Mnyambe kwenye mfuko wa rambo, pamoja na kandambili zake.

Wivu uliniingia pale pale. Nimesikia watu wakisema wivu huanza kidogo kidogo, labda kwao. Wangu ulikuja mzima, umeshakula na kushiba.

Mungu si wa mtu mmoja, ikatokea kwamba hawezi kucheza. Mwalimu alimwambia hakuna namna, abadilishe mikono, ashike kama sisi. Basi akashika kama sisi. Ungemwona ungemwonea huruma, mimi sikumwonea. Mpira ulipita katikati ya miguu yake. Alijipiga kifundo cha mguu akaenda kuketi nyuma ya madarasa, analia kimya kimya. Alijua pasi iende wapi, macho yake yalishafika, lakini mikono ilibaki nyuma. Akasahau na kurudia kushoto, filimbi. Watoto wa kidato cha kwanza wakamwita Mgongo. Wiki baada ya wiki Mwalimu alimweka nje ya mstari wa majivu, na kila nilipopita na mpira karibu yake nilipita polepole kidogo.

Alikuwa na kitu kimoja tu alichoweza. Mpira ukija upande wake wa kushoto, aligeuza gongo ncha ikaangalia chini, akaunasa kwa uso ule ule bapa, kwa mkono mmoja wa kushoto. Si kosa kufanya hivyo, kanuni inaruhusu, ila ni kazi ngumu na kwetu sisi wengine upande ule ndio mbovu, mpira ukija huko unauomba tu usikupite. Yeye aliufanya bila kufikiri. Lakini Mwalimu alimkataza. "Hayo ni ya waliokwisha kujua. Jifunze kutambaa kwanza." Nami niliona Mwalimu ana akili sana.

Nyumbani kwetu mambo yalikuwa na njia nyingine. Baba ni Mmakonde wa Newala aliyekuja kuoa Masasi na kubaki ukweni kama ilivyo desturi, na mama ni Mmakua. Mimi nimekua na Kimakua cha mama na Kiswahili cha shule. Kimakonde nakisikia nusu nusu. Yule binti alipopita na ndoo ya maji siku moja na kumwamkia baba kwa lugha yao, baba aliacha kazi. Akamuuliza kwao ni wapi, mjomba wake nani, kisima fulani bado kina maji. Tangu siku hiyo akawa anapita kila jioni. Nilikuwa nakoka moto jikoni huku nawasikia wanacheka, na kicheko cha baba kilikuwa kicheko nisichokijua. Nilimuuliza mama wanacheka nini. Mama akasema, "Mambo ya kwao huko juu." Hakuonekana kujali, akaendelea kupepeta mchele.

Halafu siku moja nikasikia, kwa Kiswahili, wazi kabisa, "Lete n'kono."

Nilitoka jikoni na kijiti cha moto mkononi. Yule binti alikuwa ameketi kwenye gogo, mkono wake wa kushoto umo ndani ya mikono ya baba. Alikuwa amemweleza shida yake ya uwanjani. Baba akabonyeza kiganja, akakunja vidole, akageuza mkono akaangalia upande wa nyuma, na muda wote huo akitikisa kichwa, kama mtu aliyeletewa mgonjwa na kukuta ugonjwa anaujua. Akaniona nimesimama. "Kumbe tatizo ni gongo," akaniambia. "Mmempa mtoto wa watu gongo la mkono si wake." Akaniambia nimletee lile langu aliangalie kidogo. Nikamletea.

Gongo la yule binti alilichonga kwa siku nyingi. Kazi za watu zilikaa. Alilichonga kinyume cha langu, kama langu linavyoonekana kwenye kioo, uso bapa ukiwa upande wa pili. Alilisugua kwa jani la msasa mpaka likang'aa, akalipaka mafuta, akazungushia mpini kamba nyembamba ili jasho lisiuteleze. Nilifagia yale maranda kila asubuhi. Hakunichongea hata mwiko, ninarudia kusema, hata mwiko.

Mwalimu alipoliona alipiga makofi. Hakujua kama kuna kanuni inayolihusu, maana chuoni kwao hawakuwahi kuwa na mtu wa mashoto na neno hilo halikuwahi kutajwa. Alidhani magongo ya namna hiyo hayauzwi tu. Na sisi wengine tungejua wapi? Sisi tuliona jambo la kawaida kabisa, mtu ana mkono wake, fundi amemchongea. Kwetu huwezi kwenda kwa fundi ukaambiwa mpini ni wa mkono mmoja dunia nzima.

Sitaeleza sana yaliyofuata kwa sababu yananiuma mpaka leo. Macho ya yule binti na mikono yake vikakutana. Mpira ukitoka gongoni mwake ulikuwa unafika kwenye mguu wako kabla hujajua unauhitaji. Watoto wakaacha kumwita Mgongo. Jioni moja Mwalimu akaniita pembeni, akaniambia kwa upole kwamba ananisogeza pembeni ya uwanja, winga, yule mdogo acheze kiungo. "Wewe unaweza popote," akasema. Nikaitika, ndiyo Mwalimu. Nikaenda winga. Usiku huo sikula, nikamwambia mama tumbo linaniuma.

Siku ya mechi ikafika. Basi la Mtwara lilipata pancha Nanganga, tukawangoja juani mpaka sauti za kuimba zikatukauka. Na wakati tunangoja nikamwona baba. Baba yangu, aliyesema hawezi kuja kuona watoto wanafukuzana na kijiwe, alikuwa anakuja na shati lake la Ijumaa, amenyoa ndevu. Akaketi chini mbele ya watu wote. Moyo wangu uliruka, nisikufiche. Kisha nikaona anamwita yule binti, analichukua gongo, analikagua kamba zake, anamrudishia. Alikuja kuangalia kazi yake.

Mama wa Mtwara alikuwa mrefu, amevaa kofia ya jua, mwenye maneno machache. Kabla ya mechi alipita akikagua magongo yetu moja moja. Aliyasifu yale ya baba. Akafika kwa yule binti, akalishika, akaligeuza, akaligeuza tena.

"Mwalimu, hili uso wake uko upande usio wake."

"Ndiyo, Mama. Mchezaji ni wa mashoto."

"Haliruhusiwi. Kwenye mchezo huu hakuna gongo la mashoto. Wote wanacheza kwa gongo la upande mmoja, popote ulimwenguni."

Mwalimu aliinamisha uso, nikaona aibu imempanda mpaka masikioni. Baba alikuwa ameinuka. Akasogea taratibu, akavua kofia. "Samahani, mama yangu. Sasa mwenye mkono wa kushoto acheze kwa nini?"

"Ajifunze wa kulia, mzee wangu. Sikuitunga mimi."

Baba akapokea gongo lake, akarudi kuketi nalo magotini. Binti akapewa mojawapo ya yale ya shule. Mwalimu akanitazama na kunionyesha kidole katikati ya uwanja. Nilikwenda pale katikati nikiwa nimejawa na furaha kiasi kwamba niliogopa watu wataiona. Nilimshukuru Mungu kwa kanuni. Nilimshukuru aliyeitunga, yuko huko aliko.

Nilicheza siku ile kuliko siku zote za maisha yangu. Kipindi cha kwanza nilifunga magoli mawili, la pili nikiwa nimewapita wasichana wao mpaka kipa akaketi chini. Uwanja ulipiga vigelegele. Wale wa Mtwara walikuwa wazuri, wakarudisha yote mawili, lakini kila mtu aliona nani ndiye mwenye uwanja. Yule binti alikuwa winga. Alikuwa ameharibika kabisa. Mpira ulimpita, akajikwaa, akapiga kwa mgongo filimbi ikalia, watu wa pembeni wakaguna. Nilipofunga nilimwangalia baba. Alikuwa amelishika lile gongo kwa mikono miwili na macho yake yalikuwa kule winga.

Kipindi cha pili kilikuwa kinaelekea mwisho. Mpira ulitoka nyuma ukaenda upande wa kushoto wa yule binti, na msichana wa Mtwara aliyemkaba akalegea, kwa sababu upande ule hakuna mtu anayefanya kitu. Binti akageuza gongo, ncha chini, mkono mmoja. Akaunasa. Yule wa Mtwara akaja mbio, na yeye akampita kwa upande huo huo mbovu, mpira umeganda kwenye gongo, akampita na wa pili. Wala hakunitazama. Mimi nilishaanza kukimbia. Nilijua mpira utakuja wapi, na ulikuja pale pale, kwa lile pigo la kugeuza, nikaugusa tu. Goli la tatu. Watu waliingia uwanjani kunibeba. Baada ya hapo yule binti alipoteza mipira yote iliyomfikia, na filimbi ya mwisho ikalia tumeshinda.

Magoli matatu, yote yangu. Tulipangwa mstari. Mama wa Mtwara akavua kofia yake, akatushukuru kwa ukarimu, akasema kuhusu nidhamu na masomo, na mimi nilikuwa tayari nimesogeza mguu mmoja mbele. Akamwita winga.

Nilidhani amekosea mtu. Wengine pia walidhani hivyo, wakanisukuma mgongoni niende. Akarudia, akanyoosha kidole. Binti mwenyewe aligeuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa.

Akamweleza Mwalimu, na sisi tukisikia. "Kiungo wenu ni mzuri sana, ameshaiva. Huyu bado mbichi, hajui hata kushika. Lakini wachezaji wote upande wao wa kushoto ni mbovu, na huyu ndio upande wake mzima. Tukimfundisha wa kulia, nani atamkaba?"

Watu walipotawanyika nilimfuata kwenye basi. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nilikuwa naomba kujua, mimi nimekosea wapi?"

Alinitazama kwa huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. "Hujakosea popote," akasema. "Popote kabisa. Umecheza vizuri."

Nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma, ya mikorosho, nisikutane na mtu. Ningekuwa nimekosea ningerekebisha. Mtu asiyekosea anarekebisha nini?

Siku ya kuondoka yule binti alikuja kumuaga baba, akamfikishia salamu za kwao na kumwachia lile gongo, kwa kuwa huko aendako haliruhusiwi. Kisha akaja jikoni. "Dada," akaniambia, "ile pasi ya mwisho ulikuwa umeshaiona, eti?" Nikamjibu nilikuwa nimeiona. "Nilijua. Pale hapakuwa na mwingine wa kuiona." Akapiga magoti, akaondoka. Laiti angejivuna kidogo, nikapata la kumsema.

Sasa anachezea timu ya Dar es Salaam. Ananitumia picha na video kwenye simu, namwona kwenye zile nyasi za plastiki. Anacheza kulia vizuri tu siku hizi, na ikifika upande wa kushoto anageuza gongo na watangazaji wanapandisha sauti. Namjibu kwa vidole gumba vitatu. Mimi nimemaliza shule, nipo hapa hapa, nalima korosho za mama na jioni namsaidia Mwalimu kuwafundisha watoto wa kike. Wananipenda, wananitii. Mwalimu anasema hajui angefanya nini bila mimi, kwamba mimi ukiniweka popote nafaa.

Msimu wa korosho uliopita yule binti alikuja kututembelea. Mabibo yalikuwa yameanguka, shamba lote linanukia. Alikuja na viatu vyeupe, akavivua akaja kunisaidia kuokota korosho, kwa mkono wa kushoto, haraka kuliko mimi. Jioni aliketi kwenye gogo la karakana na baba, wakaanza Kimakonde chao. Baba akalitoa lile gongo. Alikuwa amelihifadhi juu ya dari, amelifunga kwa khanga kuukuu ya mama, na kila mwaka alilipaka mafuta, jambo ambalo mimi, ninayelala chini ya dari ile ile, sikuwa nalijua. Wakalishika kwa zamu, wakacheka hadi wakafuta machozi. Mimi niliwapelekea chai. Mikono yangu ilikuwa imara, hata tone halikumwagika.

Asubuhi alipopanda bodaboda kuelekea stendi, nilikwenda karakana. Baba alikuwa anachonga mchi wa mtu. Niliketi kwenye lile gogo, nikanyoosha mkono wangu wa kulia mbele yake.

"Nini?" akauliza.

"Nishike mkono."

"Unataka mpini?"

"Nishike kwanza."

Akaweka tezo chini, akapangusa viganja kwenye suruali. Akaupokea. Mikono ya baba ni mikavu na ina joto, hilo ni jambo ambalo kila mtu Lisekese alilijua kabla yangu. Akabonyeza kiganja, akakunja vidole kimoja kimoja, akagusa sugu zangu za jembe na ile moja ya zamani, ya gongo lenye utepe wa bluu. Sikutaka afike mwisho. Akafika.

"N'kono huu hauna tabu," akasema, na alikuwa ananisifu. "Huu ukishika chochote kinafanya kazi. Hauhitaji kuchongewa."

"Ndiyo maana sijawahi kuchongewa?"

Nje mama alikuwa anaanika korosho, tunazisikia zinavyomwagika kwenye mkeka. Baba alinitazama usoni, kisha akautazama tena mkono, kama mtu aliyerudishiwa mpini akitafuta ulipopinda.

"Mbona hukuwahi kulalamika," akasema.

"Sasa nalalamika, baba."

Hakuuachia mkono. Akaanza upya, kutoka kidole gumba.